Mtoto kaanguka akitazama Tekken: je, ni "shetani" wa kwenye katuni?

"Shikamoo daktari. Naishi Moshi, Pasua. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, Januari anaanza kidato cha kwanza, bweni. Sikukuu hii binamu zake walikuja kutoka Arusha, wakawa wanakesha sebuleni kutazama katuni ya Tekken kwenye TV mpya, taa wamezima ili iwe kama sinema. Usiku wa tatu, saa nane hivi, nikasikia kelele. Nilimkuta sakafuni, macho yamegeuka, mwili umekakamaa kisha unatikisika wote, mate mdomoni, amejikojolea. Ilichukua kama dakika mbili, halafu akalala fofofo. Shangazi yake alimtia kijiko mdomoni, jirani akasema tusiguse mate yake. Asubuhi hakukumbuka chochote. Zahanati walipima malaria, hana. Binamu zake wanasema alianguka pale pale kijana wa kwenye katuni alipogeuka shetani. Babu yake anasema pepo hilo limemwingia, anataka tumpeleke mkesha wa maombi siku tatu na afunge. Mtoto mmoja alirekodi kwa simu, nimemwambia afute. Je, katuni inaweza kumwangusha mtu? Ni kifafa? Nimzuie TV kabisa? Na shuleni niseme?"

Marahaba, mama, na pole sana. Kumwona mtoto wako katika hali ile si jambo la kusahau upesi, na kila anayekuja kukupa pole akiacha na tafsiri yake, unabaki na maswali mengi kuliko uliyoanza nayo.

Kuna mambo mawili yasiyosubiri mwisho wa jibu langu. Video ile, kama bado imo kwenye simu, isifutwe. Wewe utamsimulia daktari ulichokiona ukiwa umeshtuka. Video itamwonyesha mkono upi ulianza, kichwa kiligeukia wapi, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, na muda halisi ulikuwa kiasi gani. Wakati mwingine kipande cha sekunde 40 kinanisaidia kuliko kipimo cha gharama kubwa. Ibaki kwako na kwa daktari tu, isizungushwe kwenye grupu la ukoo. Jambo la pili ni mkesha: uahirishwe. Sababu nitaifikia, na haina ugomvi na imani ya babu.

Sasa katuni yenyewe, kwa kuwa nimeitazama. Tekken: Bloodline ilitoka Netflix Agosti 2022, sehemu sita tu. Imetokana na gemu la ngumi la kampuni ya Namco ya Japani lililoanza mwaka 1994, na hadithi imechotwa zaidi kwenye Tekken 3, ile ambayo vijana wengi wa Arusha na Moshi waliicheza kwenye vibanda vya PlayStation mpaka vidole vikaota sugu. Kijana Jin Kazama analelewa na mama yake, Jun. Jitu liitwalo Ogre linavamia, na Jin anakwenda kwa babu yake, Heihachi Mishima, ili afundishwe kupigana alipize kisasi. Kutoka kwa baba yake amerithi damu ya kishetani. Kwa hiyo binamu zake mwanao hawakutunga: yupo kijana anayegeuka shetani mwenye pembe na mabawa meusi. Babu naye hakukosea kusikia neno "shetani". Ninachokuomba ni uiache hadithi kidogo, uangalie kioo cha TV kilikuwa kinafanya nini.

Katika gemu la ngumi kila pigo hutoa cheche. Pigo likiingia cheche huwa za namna moja, likizuiwa huwa za namna nyingine. Si urembo tu. Gemu kama Tekken huchora picha 60 kila sekunde, na mchezaji hana muda wa kutafakari kama teke lake limempata mpinzani. Mwako wa rangi ndio unaomjulisha. Gemu likigeuzwa katuni, mtazamaji hashiki kitufe chochote, hahitaji tena kujulishwa, lakini watengenezaji huziacha cheche zile kwa sababu mashabiki wanazidai. Wangeziondoa, watu wangesema hii si Tekken. Ongeza radi zinazofuatana na ngumi za ukoo wa Mishima. Ongeza kawaida ya katuni za Kijapani kuchora mtu anapobadilika nguvu kwa kufuta kioo chote kikawa cheupe, kikawa giza, kikawa cheupe tena. Mtoto aliyekaa mita moja kutoka TV kubwa, kwenye sebule yenye giza, anapigwa na mwanga huo machoni bila kitu kingine cha kuupunguza.

Je, mwanga unaweza kumwangusha mtu? Ndiyo. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, ilirushwa sehemu moja ya katuni ya Pokémon, nayo imetokana na gemu ingawa si la ngumi. Kulikuwa na mlipuko uliochorwa kwa rangi nyekundu na ya buluu zikibadilishana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Jioni ile watoto 685 walikimbizwa hospitalini kwa magari ya wagonjwa. Wengine walikuwa na kizunguzungu, kichefuchefu au macho kuuma, lakini wapo walioanguka na kutikisika kama mwanao, na wengi wa hao hawakuwahi kuanguka kabla. Katuni ilisimamishwa miezi minne. Na hadithi ya sehemu ile haikuwa na shetani hata mmoja. Ilikuwa inahusu kompyuta. Hilo ndilo ningependa babu alisikie.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli za nyuma ya kichwa, zinazopokea picha kutoka machoni, kwa kawaida haziwaki zote kwa wakati mmoja; ni kama soko la Mbuyuni asubuhi, kelele ipo lakini kila mmoja yuko na mteja wake. Mwanga unaowaka na kuzima haraka huzilazimisha zote kupiga kelele kwa mdundo mmoja. Kwa watu wengi ubongo huuzima mdundo huo kabla haujafika mbali. Kwa wachache, mara nyingi kwa kurithi, mdundo husambaa mpaka kwenye sehemu zinazoamrisha misuli na zile zinazoshika fahamu. Hapo mtu anapoteza fahamu, anakakamaa, kisha anatikisika. Kujikojolea, macho kugeuka, kulala fofofo baadaye na kutokumbuka ni sehemu ya mambo hayohayo. Ubongo umechoka na unajipanga upya.

Mwanga hatari ni ule unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na hatari hupanda ikifika mara 15 hadi 25. Wekundu uliokolea ni mbaya kuliko rangi nyingine. Ukubwa wa eneo linalomweka nao una uzito mkubwa, na ndiyo maana simu iliyoshikwa kwa mkono husumbua kidogo kuliko TV ya inchi 55 iliyo karibu na pua. Uingereza walianza kuweka masharti kwa vituo vya TV baada ya tangazo moja la tambi kuwaangusha watu mwaka 1993. Japani waliweka ya kwao baada ya Pokémon. Kwa hiyo katuni za leo nyingi hupimwa kabla ya kutoka, na simlaumu mtengenezaji wa Tekken. Mwanao alikuwa na mambo mengine yaliyomsukuma, na kubwa kuliko yote umeliandika wewe mwenyewe bila kulikazia: usiku wa tatu, saa nane.

Kukosa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya kuanguka, hata bila TV. Ubongo usiolala hupoteza ule uwezo wa kuuzima mdundo. Kwa hiyo nikisikia kwamba dawa inayopendekezwa ni kukesha usiku tatu zaidi, tena bila kula, nywele zinanisimama. Sukari ya mwili ikishuka nayo huangusha. Mwambie babu hivi, kwa heshima yake: mtoto aombewe, na aombewe mchana akiwa ameshiba, kisha alale saa tatu usiku. Akikesha akaanguka tena pale kwenye maombi, kila mtu atasema pepo limekataa kutoka, na mtapoteza miezi. Nimeona familia zikipoteza miaka.

Umeuliza kama ni kifafa. Kuanguka mara moja hakumfanyi mtu awe na kifafa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi mtu 1 kati ya 10 hupata mshtuko wa namna hii angalau mara moja maishani, na wengi wao hawana kifafa. Tunaita kifafa pale mishtuko inapojirudia, au pale ambapo imetokea mmoja lakini vipimo na historia vinaonyesha kwamba mwingine una uwezekano mkubwa wa kuja. Na kati ya wenye kifafa, wanaosumbuliwa na mwanga ni wachache, kama 3 hadi 5 katika kila 100. Hao wachache hujitokeza hasa kati ya miaka 7 na 19, wengi wakati wa kubalehe. Mwanao yuko katikati ya umri huo, na hilo linanifanya nisilipuuze.

Kuna swali moja ambalo wazazi hawaambiwi walijibu, na nakuomba umwulize mwanao mwenyewe, taratibu, bila hadhira. Asubuhi akiamka, mikono humruka? Kikombe cha chai kimewahi kumponyoka, mswaki ukamtoka mkononi, uji ukamwagika naye akagombezwa kwa uzembe? Kuna aina ya kifafa inayoanza katika umri wake, ambayo huanza na kuruka huko kwa mikono asubuhi, hasa baada ya kulala kidogo, na mara nyingi huchokozwa na mwanga. Mtoto huona ni kawaida. Mzazi huona ni uzembe. Likiwa ndiyo, mwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu linabadilisha dawa: carbamazepine, ambayo ni nzuri sana kwa aina nyingine za kifafa, inaweza kuizidisha hii. Uliza pia kama huwa anazubaa sekunde chache katikati ya maneno, na kama mwanga wa jua unaokatwakatwa na miti ya barabarani akiwa kwenye Coaster, au taa za MC kwenye send-off, vimewahi kumletea kizunguzungu au mtikisiko.

Zahanati walifanya vizuri kupima malaria, ila hapo si mwisho. Kichwa kiligongwa siku za karibuni? Kulikuwa na homa? Alikunywa au kuvuta kitu na wakubwa? (Uliza. Sikukuu ni sikukuu.) Kaskazini huku tunafikiria pia watoto wachanga wa minyoo ya tegu, ambao hutoka kwenye mayai yaliyomezwa na kufika kwenye ubongo. Watu hudhani hilo huletwa na kula kitimoto. Mayai hayo huingia kwa mikono na mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye minyoo, hivyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata.

Kuhusu kijiko, shangazi alifanya kwa upendo, lakini kisirudie. Ulimi haumezwi, na kijiko huvunja meno na kuumiza taya. Mate nayo hayaambukizi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mkojo, wala kwa kulala kitanda kimoja, na hofu hiyo imewafanya watoto wengi waachwe waungue jikoni huku watu wazima wamesimama wanatazama. Akianguka tena, ondoeni meza na vitu vigumu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke, na mtu mmoja aangalie saa. Msimshike kwa nguvu, msimwagie maji, msimnuse kiberiti wala kitunguu. Kaeni naye mpaka azinduke.

Sasa TV. Kumzuia kabisa ni rahisi kutamka, ila sikushauri, kwa sababu mbili. Atatazama kwa jirani au kwenye kibanda umiza, gizani na karibu zaidi, tena pasipo mtu anayejua la kufanya. Na mtoto anayenyang'anywa kila kitu baada ya kuanguka hujifunza kuficha dalili. Mpaka atakapoonwa na daktari, mapigano na magemu yapumzike. Hayo ni majuma machache na atavumilia. Baadaye, kama daktari hana pingamizi, atazame mchana au taa ikiwa imewashwa, mbali kiasi cha mita mbili hadi tatu, mwanga wa TV umepunguzwa, na asitazame akiwa na usingizi au njaa. Kama nyumba ya bibi bado ina TV ya chogo, hiyo aikae mbali zaidi, kwa kuwa kioo chake chenyewe humweka mara 50 kwa sekunde hata picha ikiwa imetulia. Za bapa hazina tatizo hilo. Na mfundishe kitu kimoja cha haraka: mimweko ikianza, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga, hasa mwekundu, hupenya kope. Jicho moja likizibwa barabara, seli zinazochokozwa hupungua sana.

Dawa? Baada ya tukio moja lenye kichochezi kinachojulikana, madaktari wengi husubiri kwanza, nami huwa nasubiri kama vipimo ni safi na kuruka kwa mikono hakupo. Dawa za kifafa hunywewa kila siku kwa miaka, na zina madhara yake: phenobarbital, ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana mpaka vijijini, huwafanya watoto wengine wasinzie darasani au wawe wakorofi. Kama kuna dalili za kurudia, dawa ianze bila kuchelewa. Sodium valproate hufanya kazi vizuri kwa wanaosumbuliwa na mwanga, na kwa mvulana huwa miongoni mwa za kwanza kufikiriwa. Kwa binti ningesita sana, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni atakapokuja kubeba mimba. Usikubali vidonge vya jirani, hata kama vilimponya mtoto wake. Na zikianzishwa, zisikatishwe ghafla kwa kuwa "amepona". Kukatisha ghafla kunaweza kuleta mshtuko mrefu kuliko wa kwanza. Kwa matibabu sahihi, hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka.

Usiishie zahanati. Anza hospitali ya mkoa, Mawenzi, uombe aonwe na daktari wa watoto, na kama inahitajika upate rufaa ya KCMC. Jamaa zako wa Arusha wangeanzia Mount Meru. Huko huenda akaandikiwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo: waya nyembamba hubandikwa kichwani, haumizwi, na ndani yake huwashiwa taa inayomweka kwa kasi tofauti ili kuona ubongo unaitikiaje, wataalamu wakiwa karibu. Ulizia mapema siku za kipimo na gharama, na kama bima yake inahusika. Jua pia kwamba EEG safi haimaanishi hana kitu, na isiyo safi peke yake haimaanishi ana kifafa. Husomwa pamoja na maelezo yako na ile video.

Hayo yote yanaweza kusubiri miadi. Haya hayasubiri, hata iwe usiku wa manane: mtikisiko ukipita dakika tano, akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, akianguka mara mbili siku moja, homa na shingo kukaza, mkono au mguu kulegea baada ya kuzinduka, kama kichwa kiligonga sakafu na sasa anatapika au anasinzia kupita kiasi, au kama ameangukia majini. Hapo ni gari na hospitali, iliyo karibu kwanza.

Mpaka aonwe, asipande mparachichi, asiogelee wala kuvuka mto peke yake, asipike kwenye moto wa kuni akiwa peke yake, na akioga mlango usifungwe kwa komeo. Kupanda bodaboda nyuma ya mtu pia kupumzike. Mpira acheze.

Shuleni sema, na useme kabla hajaripoti. Najua unaogopa atapewa jina la utani au atarudishwa nyumbani. Akianguka bwenini huku hakuna aliyeambiwa, ndipo kijiko, uvumi na jina la utani vitakapokuja vyote kwa pamoja. Nenda mwenyewe kwa matroni au mwalimu wa malezi, si kwa simu. Mpe barua ya daktari na karatasi fupi ya huduma ya kwanza kama nilivyoieleza, na namba za simu mbili zinazopokelewa usiku. Omba alale kitanda cha chini. Omba pia asiwekwe kwenye zamu za kuamka saa kumi alfajiri kufagia au kujisomea, angalau muhula wa kwanza. Hilo la usingizi wataliona kama upendeleo, hivyo liandikwe na daktari kwenye barua. Na mwanao awepo mnapozungumza, asikie maneno yaleyale unayomwambia matroni.